Viunganishi vya Diski Ngumu za Nje na Kasi ya Kuhamisha Data: Hesabu ya Mtafiti wa Lugha Ikolo, Kyela

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza viunganishi vinavyotumika kuunganisha diski ngumu za nje za mezani na kompyuta, pamoja na kasi ambayo mtumiaji huipata kwa kila kimoja. Suala hili huenda likaonekana kuwa la mafundi, wala si la jarida la Kiswahili. Hata hivyo, mtafiti wa lugha wa leo hutumia sehemu kubwa ya jioni zake uwandani akinakili sauti na picha kutoka chombo kimoja hadi kingine, na makosa anayoyafanya katika kazi hiyo aghalabu hayatokani na uzembe bali na kutoelewa maana ya tarakimu zilizochapwa kwenye boksi la diski. Hoja ya makala ni kwamba tarakimu hizo zinataja upana wa njia tu. Kasi halisi huamuliwa na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote katika mnyororo mzima, na mahali kama Ikolo kasi hiyo inafaa ihesabiwe kwa saa za umeme kabla ya kuhesabiwa kwa kipimo kingine chochote.

Ikolo ni kata ya Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, katika tambarare iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya mpunga, kakao na michikichi, yenye joto na unyevu mwingi na mvua za masika zinazofurisha mito kila mwaka. Lugha ya wenyeji ni Kinyakyusa, ambayo katika uainishaji wa Guthrie imepewa alama M31. Mashariki zaidi, chini ya Milima ya Livingstone, wanaishi Wakisi, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema na ambao lugha yao ina wazungumzaji wachache mno ikilinganishwa na ile ya majirani zao. Godfrey na Monica Wilson walipofanya utafiti wao miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati ambapo Kyela ilikuwa bado sehemu ya Rungwe, kumbukumbu zao zilikuwa za kuandikwa. Kamusi ya Kinyakyusa ya Knut Felberg ilitoka mwaka 1996, na uchambuzi wa kitenzi cha lugha hiyo wa Bastian Persohn ukatoka mwaka 2017. Katika kipindi hicho kirefu rasilimali kuu ya mtafiti imehama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kanda, na kutoka kwenye kanda kwenda kwenye diski.

Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu hubadili maana ya neno. Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na diski. Anayetaka kupima tofauti kati ya irabu mbili za juu zinazokaribiana hawezi kuridhika na sauti iliyobanwa kwa mtindo wa MP3, kwa kuwa mtindo huo hutupa zile sehemu za mawimbi ambazo sikio linakisiwa kutozisikia, na kilichotupwa hakirudi. Hana budi kuhifadhi sauti kamili. Na sauti kamili ni nzito.

2.0 Biti, Baiti na Utata wa Herufi B

Kabla ya kuvieleza viunganishi vyenyewe, ni lazima kuondoa utata mmoja ambao kwa kweli ni wa kiisimu. Kasi ya kiunganishi hutajwa kwa biti, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa baiti, na baiti moja ina biti nane. Katika maandishi ya kimataifa tofauti hiyo imebebwa na herufi moja tu: b ndogo kwa biti, B kubwa kwa baiti. Katika matumizi ya Kiswahili tofauti hii imekufa. Mnunuzi wa bando la simu husema ameishiwa “MB”, akiwa na maana ya megabaiti; muuzaji wa duka la vifaa husema kwamba waya fulani una kasi ya “MB 480”, ilhali maana yake ni megabiti. Masikioni mwa msikilizaji maneno hayo mawili ni neno moja. Matokeo yake ni kosa la kuzidisha kwa nane: anayetarajia kunakili megabaiti 480 kwa sekunde hupewa ahadi ya megabaiti 60, na kama itakavyoonekana, hata hizo 60 hazipati.

Kwa sababu hiyo maneno biti na baiti yameandikwa kikamilifu katika makala hii, na inafaa watafiti wafanye hivyo katika ripoti zao pia. Vifupisho vinaokoa nafasi kidogo na kupoteza maana kubwa.

Neno kiunganishi lina tatizo lake. Limekwishachukuliwa na sarufi kwa maana ya aina ya neno kama na, lakini au kwa sababu. Wengine wamependekeza kiolesura, ambalo lina faida ya kutogongana na istilahi yoyote, ila linapwaya hapa kwa kuwa huelekea zaidi kwenye sura ya programu inayoonekana katika kioo cha kompyuta. Mitaani hakuna tabu: diski yenyewe huitwa eksteno, na mahali inapochomekwa huitwa poti au tundu. Katika makala hii kiunganishi ni utaratibu mzima, yaani waya, tundu na kanuni za mawasiliano. Tundu ni mahali pa kuchomekea. Muktadha utamlinda msomaji asidhani kwamba panazungumzwa sintaksia.

3.0 Mzigo wa Mtafiti

Ili tarakimu zisielee hewani, na tuchukue mfano wa mtafiti anayekaa Ikolo siku 20 za kazi, akirekodi kila siku saa mbili za masimulizi kwa kinasa sauti na nusu saa ya video. Sauti inachukuliwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 kwa kila sampuli, kwa mikondo miwili. Hiki ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, ambalo hata hivyo hupendelea sampuli 96,000. Hesabu ni nyepesi: 48,000 mara baiti 3 mara mikondo 2 ni baiti 288,000 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 1.04 kwa saa. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hutoa megabaiti 6.25 kwa sekunde, yaani gigabaiti 22.5 kwa saa.

Kwa siku moja, basi, mtafiti anarudi na gigabaiti 13 na kitu. Baada ya siku 20 anazo takriban gigabaiti 266. Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo imetokana na video. Saa 40 za sauti hazifiki hata gigabaiti 42. Wanaolalamika kwamba diski zao zimejaa wangefanya vema kujiuliza kwanza kama kila simulizi lilihitaji kupigwa picha.

4.0 Viunganishi na Ahadi Zake

Diski za nje zilikuwapo kabla ya USB. Katika miaka ya 1980 na 1990 ziliunganishwa kwa SCSI, utaratibu wa waya mnene wenye nyuzi nyingi sambamba, ambao katika toleo lake la kwanza lililosanifishwa mwaka 1986 ulipitisha megabaiti 5 kwa sekunde, au kwa tundu la printa, ambalo lilikuwa la polepole zaidi. USB ilitangazwa mwaka 1996, na toleo lake la 1.1 la mwaka 1998 ndilo lililoenea. Kasi yake ya juu ilikuwa megabiti 12 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi ilileta takriban megabaiti moja. Kwa kasi hiyo mzigo wa mtafiti wetu ungechukua siku tatu na saa mbili bila kupumzika. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipoanza mwaka 2001, kompyuta nyingi zilizokuwa zikitumika popote duniani zilikuwa bado na matundu ya namna hiyo, ingawa USB 2.0 ilikuwa imekwishatangazwa mwaka uliotangulia.

USB 2.0 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kompyuta, visomea kadi na nyaya za aina hiyo bado zimejaa maofisini. Inaahidi megabiti 480 kwa sekunde. Zikigawanywa kwa nane hupatikana megabaiti 60. Lakini data hazisafiri peke yake. Kila kifungu cha data huambatana na anwani, uthibitisho na zamu ya kusubiri, na zaidi ya hayo waya wa USB 2.0 hupitisha data upande mmoja tu kwa wakati mmoja, kama daraja la gari moja. Kinachomfikia mtumiaji ni kati ya megabaiti 30 na 40. Tukichukua 35, gigabaiti 266 zinahitaji zaidi kidogo ya saa mbili. Aidha, matundu kadhaa yanayotokana na kigawanyio kimoja hugawana njia hiyohiyo; anayenakili kutoka diski moja kwenda nyingine kupitia kigawanyio kimoja hupata nusu ya kasi, kwa kuwa kila baiti hupita darajani mara mbili.

Mshindani wa USB 2.0 alikuwa FireWire, iliyosanifishwa mwaka 1995 kwa megabiti 400 kwa sekunde na kuongezwa mwaka 2002 hadi 800. Hapa kuna jambo la kushangaza kwa anayesoma maboksi: FireWire ya 400 aghalabu iliishinda USB ya 480. Sababu ni kwamba katika USB kompyuta ndiyo inayouliza kila mara kama kuna kitu cha kusafirishwa, ilhali vifaa vya FireWire vilizungumza vyenyewe kwa vyenyewe kwa gharama ndogo ya mazungumzo. Ndiyo maana watu wa sauti na video waliipenda. Kompyuta mpya haziji tena na tundu lake, na suala hilo litarejewa mwishoni.

Kiunganishi kingine kilichokusudiwa hasa diski za mezani ni eSATA, cha mwaka 2004, ambacho kwa hakika ni kiunganishi cha ndani ya kompyuta kilichotolewa nje. Kwa kasi ya gigabiti 3 kwa sekunde kinaweza kufikisha megabaiti 300, kiasi ambacho diski moja inayozunguka haiwezi kukijaza. Kilikosolewa kwa kutopitisha umeme, lakini diski ya mezani ina adapta yake, na kwa hiyo kasoro hiyo haikuihusu. Kilishindwa kwa sababu nyingine: tundu lake halikuwapo katika kompyuta nyingi za mkononi.

USB 3.0 ilitangazwa Novemba 2008 kwa gigabiti 5 kwa sekunde. Katika usimbaji wake kila biti 8 husafirishwa kama biti 10, kwa hiyo ukomo wake ni megabaiti 500 na si 625. Zikiondolewa gharama za itifaki hubaki takriban 400. Njia za kwenda na kurudi zimetenganishwa. Toleo la mwaka 2013 lilifikia gigabiti 10, lile la mwaka 2017 gigabiti 20, na USB4 ya mwaka 2019 gigabiti 40. Thunderbolt, iliyoanza mwaka 2011 kwa gigabiti 10, ilifikia 40 mwaka 2015 na kuanza kutumia tundu lenye umbo lilelile la USB-C.

Wanaisimu watatambua hapa ugonjwa wanaoujua. Kitu kimoja kimepewa majina matatu: USB 3.0 ya mwaka 2008 iliitwa USB 3.1 kizazi cha kwanza ilipofika mwaka 2013, kisha USB 3.2 kizazi cha kwanza mwaka 2017, bila kubadilika chochote ndani yake. Na umbo moja limebeba maana nyingi: tundu la USB-C, lililotoka mwaka 2014, laweza kuwa na kasi ya megabiti 480 au gigabiti 40, na waya wenye ncha hizo unaouzwa pamoja na chaja ya simu mara nyingi ni wa USB 2.0 tu. Visawe upande mmoja, homonimu upande wa pili. Mwaka 2022 shirika linalosimamia USB lilishauri kwamba bidhaa zitambulishwe kwa kasi yake badala ya nambari ya toleo, ushauri ambao mwanaistilahi yeyote angeutoa miaka kumi kabla. Mpaka mabadiliko hayo yatakapofika kwenye maduka ya Kyela na Mbeya, mnunuzi anapaswa kusoma kasi iliyoandikwa, na asiamini umbo la ncha.

5.0 Diski Yenyewe

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo matangazo huinyamazia. Ndani ya diski ngumu ya mezani kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vinavyosoma juu yake. Diski ya kisasa ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 husoma na kuandika mfululizo kwa megabaiti 150 hadi 250 hivi kwa sekunde katika duara za nje za sahani, na takriban nusu ya hizo katika duara za ndani, kwa kuwa duara ya ndani ni fupi na kwa kila mzunguko mmoja hupita data chache. Diski huanza kujazwa kutoka nje. Mtumiaji anayeona kwamba diski yake imekuwa nzito kadiri inavyojaa hadanganywi na macho yake.

Tukichukua wastani wa megabaiti 150, mzigo wa gigabaiti 266 utamalizika kwa nusu saa kupitia USB 3.0. Kupitia tundu la gigabiti 10 utamalizika kwa nusu saa. Kupitia Thunderbolt ya gigabiti 40, kwa nusu saa vilevile. Njia imepanuliwa mara nane lakini gari ni lilelile. Hivyo basi, kwa diski moja inayozunguka hakuna faida yoyote ya kasi katika kununua kiunganishi kilicho juu ya USB 3.0. Faida inakuja tu kwa makasha yenye diski kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, au kwa diski zisizo na sehemu inayozunguka, yaani SSD, ambazo kupitia USB 3.0 zingemaliza kazi ileile kwa dakika 11.

Kuna hali moja ambapo hata USB 2.0 haiwi kikwazo. Mtafiti anayenukuu masimulizi kwa programu kama ELAN au Praat huzalisha maelfu ya faili ndogondogo. Kwa kila faili kichwa cha diski hakina budi kusogea na kusubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa pafike. Katika diski ya mizunguko 7,200 mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na kusubiri kwa wastani ni nusu yake; kusogea kwa kichwa huongeza takriban milisekunde 9. Jumla ni milisekunde 13. Ikiwa kuandika faili moja kunahitaji misogeo mitatu, faili 20,000 za kilobaiti 4 kila moja zitachukua dakika 13, ingawa zote kwa pamoja ni megabaiti 80 tu, ukubwa ambao ukiwa katika faili moja ungemalizika ndani ya sekunde moja. Dawa si waya mpya. Dawa ni kuzifunga faili hizo pamoja katika faili moja ya zip kabla ya kuzinakili.

Upande wa pili wa mnyororo uko kinasa sauti na kadi yake. Kadi za kawaida za aina ya UHS-I haziwezi kuvuka megabaiti 104 kwa sekunde, na kisomea kadi cha USB 2.0 huzirudisha kwenye 35. Mtu anaweza kuwa na diski bora, waya bora na tundu la samawati la USB 3.0, kisha akachomeka kadi yake kwenye kisomea kadi cha bei rahisi na kushangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

6.0 Umeme

Diski ya nje ya mezani hutofautiana na ile ya mfukoni kwa jambo moja la msingi: injini yake inahitaji volti 12, na tundu la kawaida la USB hutoa volti 5. USB 2.0 inaruhusu miliampia 500, yaani wati 2.5, USB 3.0 inaruhusu 900, yaani wati 4.5. Hizo zinatosha kuzungusha diski ndogo ya inchi 2.5. Diski ya inchi 3.5 hutumia wati 6 hadi 10 ikiwa kazini, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache. Kwa hiyo haina budi kuwa na adapta inayochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri yake, ilhali diski ya mezani huzimika palepale, kichwa kikiwa katikati ya kuandika.

Ikolo umeme hauwezi kutegemewa kwa saa zote, hasa wakati wa mvua. Mtafiti mwangalifu huwa na betri ya volti 12 inayochajiwa kwa jua. Tuchukue betri ya risasi ya saa-ampia 50. Ina saa-wati 600, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo zipo 300. Kompyuta, diski na upotevu wa kigeuza umeme vinakula takriban wati 60. Betri hiyo, basi, ni saa tano za kazi.

Kanuni ya uhifadhi inadai nakala mbili zilizo katika diski mbili, na kila nakala ihakikiwe kwa kusomwa tena na kulinganishwa na faili la asili. Hizo ni safari nne za mzigo uleule. Mtafiti anayesubiri mpaka siku ya mwisho na kutumia USB 2.0 atahitaji saa nane na nusu, yaani saa-wati 510: betri itakufa kabla nakala ya pili haijahakikiwa. Kwa USB 3.0, kama faili za asili nazo zinasomwa kwa kasi ya kutosha, atahitaji saa mbili na saa-wati 120. Hapa ndipo kasi inapoacha kuwa anasa.

Lakini hesabu hiyohiyo inaonyesha njia nyingine. Mzigo wa siku moja ni gigabaiti 13, na kwa USB 2.0 safari zote nne hazizidi dakika 26. Anayenakili kila jioni anaweza kuishi na vifaa vya zamani. Hilo si pendekezo la kubaki na USB 2.0, ni kuonyesha tu kwamba mazoea mazuri yanaweza kufidia kiunganishi kibaya, ilhali kiunganishi kizuri hakiwezi kumwokoa aliyeacha rekodi zake zote katika kadi moja kwa wiki tatu. Masimulizi ya mzee wa Kikisi wa miaka 90 hayarudiwi kwa kuwa kadi imeharibika.

Kwa mantiki hiyo diski ya mezani si chombo cha kupelekwa kijijini. Sahani zake hazivumilii mtikisiko wa pikipiki, na adapta yake haina mahali pa kuchomekwa penye kuaminika. Diski ya mfukoni, au SSD kwa mwenye uwezo, ndiyo inayofaa kwenda Ikolo; ya mezani ibaki penye umeme wa uhakika, ikiwa na kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, na ipokee mzigo mtafiti anaporudi. Wapo wanaodai kwamba siku hizi rekodi zitumwe kwa intaneti moja kwa moja. Kwa kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 266 zingechukua saa 59, iwapo kiungo hakikatiki. Diski hiyohiyo ikiwekwa katika begi ndani ya basi, kwa safari ya saa 18 kutoka Kyela hadi Dar es Salaam, husafirisha data kwa kasi inayolingana na megabiti 33 kwa sekunde. Basi bado linashinda, ili mradi nakala ya pili isipande basi hilohilo.

7.0 Mfumo wa Faili na Ukubwa Unaotangazwa

Mambo mawili madogo huwasumbua wengi. Diski iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4 na ushei. Kwa sauti ya mfano wetu ukomo huo ni saa nne na dakika nane, lakini kwa video ni dakika 11 na nusu tu. Ujumbe kwamba diski imejaa, ilhali ina nafasi tele, mara nyingi unatokana na hilo. Mfumo wa exFAT, uliotoka mwaka 2006, hauna kizuizi hicho na husomeka katika kompyuta za aina zote kuu. Pili, diski ya terabaiti moja ikionekana katika kompyuta kuwa na gigabaiti 931, hakuna aliyeibiwa: mtengenezaji amehesabu kwa maelfu, na kompyuta imehesabu kwa 1,024.

8.0 Diski za Zamani

Limebaki suala la diski zilizokwisha kujazwa. Katika makabati ya idara nyingi za lugha kuna diski za miaka ya 2000 zenye tundu la FireWire peke yake, nyingine zikiwa zimetenganishwa na adapta zake. Adapta hizo hufanana kwa umbo la ncha lakini hutofautiana kwa volti, na ile ya kompyuta ya mkononi, yenye volti 19, inaweza kuiunguza diski ya volti 12 kwa mchomeko mmoja. Ni busara kila diski ifungwe pamoja na waya na adapta yake katika mfuko mmoja, na juu yake paandikwe volti, ampia, aina ya kiunganishi na tarehe ya mwisho iliposomwa. Wino wa kalamu ya kawaida hufifia kwa unyevu. Lebo ya kuchapwa hudumu.

Iwapo tundu la diski limepitwa na wakati, diski iliyomo ndani ya kasha huenda ikawa bado nzima. Fundi anaweza kuitoa na kuichomeka kwenye kasha la USB 3.0, mradi iwe ya SATA. Za zamani zaidi, zenye kiunganishi kipana cha pini 40, zinahitaji kigeuzi chake. Palipo na kompyuta ya zamani yenye FireWire inayofanya kazi, njia rahisi ni kuitumia hiyo sasa. Kwa wastani wa megabaiti 40 kwa sekunde, diski ya gigabaiti 500 iliyojaa humaliza kunakiliwa kwa saa tatu na nusu, na uhakiki wake huchukua muda kama huo.